Nani anamlipa askari

Swali lilikuja siku ya mpira, saa ambayo sikuwa tayari kulipokea. Tulikuwa tumemaliza mechi ya vijana, ninakusanya fulana za timu na kuzihesabu, kwa sababu zikipungua ni mimi ninayeulizwa. Kijana mmoja wa kikundi changu, ana miaka 18, alibaki nyuma akijifanya anafunga kamba za viatu. Wenzake walipoondoka akasema: "Yaya, banasema mushahara ya basoda imepandishwa mara mbili. Nikienda, nitakuwa nimefanya zambi?"

Ilikuwa mwezi wa tatu, 2025. Goma ilikuwa imeshaanguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Huku Nyarugusu kila mwenye simu alikuwa mtangazaji. Ndipo ikaja habari kwamba Rais Tshisekedi ameamua mshahara wa wanajeshi na polisi uongezwe mara mbili. Kijana alikuwa na rafiki upande wa Fizi anayempigia na kumwambia njoo, safari hii ni kweli, feza inapita benki.

Nilimjibu jibu la watu wa ofisi. Nikamwambia, "Tutaongea." Alicheka kidogo, akaondoka. Katika kambi hii wote tunajua "tutaongea" maana yake ni nini.

Ninaandika kwa sababu swali lile halikuwa la kwake peke yake. Wapo vijana wengine wanalizunguka bila kulisema. Wapo pia wazazi wanaosema jeshi ni dhambi tupu, halafu jioni wanaulizana mtoto wa fulani aliyeingia jeshi anatuma kiasi gani.

Basi nianze na kile ambacho askari anaahidiwa. Congo iko na sheria ya mwaka 2013 juu ya hali ya mwanajeshi. Inataja mshahara, yaani solde, inataja posho ya familia, makazi, matibabu, pensheni, mpaka haki za mjane na yatima. Mtu akiisoma bila kujua nchi yenyewe atatamani azaliwe upya awe koplo. Mimi niliisoma kwenye simu, kwa Kifaransa changu cha shule ya sekondari, na nikamkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo alikuwa Mai-Mai kwanza. Vita ilipokwisha kwenye karatasi, wapiganaji walipewa njia mbili. Ukitaka kutoka, unarudisha silaha na kupewa dola 110 za kuondokea, halafu dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Ukitaka kubaki, unaingia brassage, unachanganywa na waliokuwa adui zako, na unakuwa askari wa serikali. Mwaka 2005 mshahara wa askari wa chini ulikuwa kama dola 10 kwa mwezi. Hesabu yenyewe ni hiyo. Aliyeacha bunduki alipata 25, aliyebaki nayo kulinda nchi alipata 10, kama ilifika. Na mama yangu, ambaye hakuwahi kushika bunduki, aliyekuwa analima mihogo iliyoliwa na wote wawili, hakuwa kwenye orodha yoyote. Alikuwa anasema, kwa mzaha wenye uchungu, kwamba kosa lake ni kukosa silaha ya kurudisha.

Baba mdogo alibaki. Sijui kama alipiga hesabu. Nafikiri alitaka cheo na sare, alitaka mtu amsalimu kwa mguu.

Miaka ile mshahara ulipitia mikononi. Feza inatoka Kinshasa kwa kiboksi, inapokelewa na mkubwa, mkubwa anampa mkubwa mdogo, na kila mkono unaopita unabaki na unyevu. Ikifika kwa baba mdogo, imekatwa: kuna kata ya usafiri, kata ya mgonjwa, kata ambayo haina jina. Mwezi mwingine haifiki kabisa. Zaidi ya hayo kulikuwa na majina ya watu wasiokuwepo. Askari aliyekufa au aliyekimbia aliendelea kula mshahara kwenye karatasi ya mkubwa wake, na wengine hawakuwahi kuzaliwa. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa EUSEC mwaka 2005. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara, ili yule anayekuamuru usiku asiwe ndiye anayeshika feza yako asubuhi. Wakahesabu watu kwa alama za vidole, wakatoa kadi. Baadaye, kuanzia kama 2011 na 2012, mishahara ikaanza kupitia benki. Wazo lile ninaliona ni zuri mpaka leo. Lakini benki iko mjini, na askari yuko porini.

Sasa mbuzi.

Ilikuwa 2009, nina miaka kumi. Mama alikuwa anapeleka mbuzi soko la Baraka ili nipate feza ya shule. Mimi ndiye nilikuwa ninaivuta kamba, na nilikuwa na hasira kwa sababu ile mbuzi niliipenda. Kwenye bariere walikaa askari watatu. Mmoja alikuwa kijana, viatu vyake vya plastiki, siyo buti. Alishika kamba kutoka mkononi mwangu bila kunisukuma. Akamwambia mama, kwa adabu kabisa, ndiyo maana sijasahau: "Mama, utusamehe. Serikali haitulipe. Miezi mitatu sasa."

Mama hakusema kitu. Tulirudi. Njiani, mbali kabisa, pale ambapo hakuna wa kusikia, ndipo akasema: "Na mimi serikali inanilipa?"

Nimeishi na maneno hayo mawili, ya askari na ya mama, zaidi ya miaka kumi na tano. Yule askari hakudanganya. Kweli alikuwa hajalipwa. Alikuwa na deni la haki kabisa, sheria au hakuna sheria. Mtu anayekaa mvuani na bunduki kwa ajili ya nchi, nchi inapaswa imlishe. Ila alikwenda kulidai kwa mtu ambaye hakuwa mdaiwa wake. Mama hakuwahi kukaa Kinshasa, hakusaini mkataba, hakushika kile kiboksi. Alikuwa karibu tu, na alikuwa hana silaha. Kwa hiyo mshahara wa askari mwezi ule ulilipwa na mama yangu, na risiti hakupewa.

Jambo hili si la juzi. Mwezi wa saba 1960, siku chache tu baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi. Walikuwa wamemwona Jenerali Janssens akiandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru, wakati wanasiasa tayari wana magari. Walitaka vyeo na mshahara, na raia ndio walioumia kwanza. Mwezi wa tisa 1991 askari wa Mobutu, wamechoka na mishahara isiyotosha hata unga, walianza kupora Kinshasa, na raia wakafuata nyuma yao. Mwezi wa kwanza 1993 walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walikataa kuzipokea. Fikiria hilo. Umelipwa, una noti mkononi, mwenye duka anatikisa kichwa. Wakapora tena, na balozi wa Ufaransa aliuawa kwa risasi. Wazee wetu wanaita zile siku *pillages*, na wanazitaja kama watu wanavyotaja mafuriko.

Wenyeji wetu hapa Tanzania nao walipitia mlango huo. Mwezi wa kwanza 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, wakidai mshahara na wakidai maofisa Waingereza waondoke. Nyerere aliita Waingereza haohao kuja kuzima, jambo lililomuuma, halafu akalivunja jeshi lile na kujenga jingine. Nikiwauliza marafiki Watanzania wa Kasulu kama wamewahi kunyang'anywa mbuzi na mwanajeshi barabarani, wananitazama kama nimeuliza kama wamewahi kunyang'anywa na mwalimu. Sisemi jeshi lao ni la malaika. Nasema mtoto wa miaka kumi wa Kasulu hana hadithi kama yangu, na hilo lina sababu, na sababu moja ni mshahara unaofika.

Mpaka hapa ningeweza kumjibu kijana kwa urahisi: serikali ikilipa, askari haibi, basi nenda ukiona wanalipa. Watu wengi wa maofisi wanaamini hivyo, na mimi niliamini hivyo. Lakini haisimami. Waliokula mishahara ya baba mdogo walikuwa wamelipwa. Walikuwa na nyumba, wengine na malori. Njaa haikuwafundisha kuiba. Na katika kikosi hichohicho cha njaa walikuwepo askari waliokuwa wanakwenda kulima kwa vibarua kwenye shamba la raia, sare imetundikwa mtini, jioni wanalipwa mihogo. Niliwaona kwa macho. Tumbo lao na la yule wa bariere lilikuwa moja.

Hapa ndipo ilibidi niache kuandika wiki mbili, kwa sababu nilifika kwenye maharage.

Baba mdogo aliishi na mama mdogo na watoto kwenye kambi ya jeshi, vibanda vya turubai nyuma ya vikosi, kama familia nyingi za askari. Nilikuwa ninakwenda kukaa kwao wakati wa likizo. Usiku mmoja alirudi na gunia la maharage, nusu limejaa. Hakusema limetoka wapi. Mama mdogo hakuuliza. Aliwasha moto usiku uleule, na watoto wote tuliamshwa tukala. Yalikuwa matamu. Nilikula mpaka nikashindwa kulala. Asubuhi nilijua. Mtoto wa miaka kumi na moja si mjinga, nami nilikuwa nimeshapoteza mbuzi. Kulikuwa na mama mahali fulani anayerudi nyumbani na kamba tupu, na mimi nilikuwa nimeshiba.

Kwa hiyo ninapomhukumu yule askari wa bariere, ninamhukumu mtu ambaye labda aliwaamsha watoto usiku. Na baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kuogelea. Alinunua daftari zangu za mwaka wa tano, na feza ya hizo daftari pia sijui ilitoka wapi.

Nimejaribu kusema: basi hana kosa, kosa ni la wakubwa. Haikai vizuri. Nikimwondolea kosa lote, nimemfanya mtoto, mtu asiye na mikono yake. Wale wa sare mtini walikuwa na mikono. Nimejaribu pia kusema: kosa lote ni lake. Haikai vilevile, maana mkubwa aliyekata mshahara atalala vizuri. Ninachoona ni kwamba deni la kwanza halifuti la pili. Serikali ilikuwa na deni la baba mdogo, na baba mdogo alikuwa na deni la mwenye maharage. La kwanza linamfanya nimhurumie. La pili bado lipo, na kwa kuwa yeye amekufa na mimi nilikula, sina hakika kama halijanifikia.

Alikufa 2014, habari tuliipata hapa kwa simu. Mama mdogo alikwenda kudai haki ya mjane, ile iliyomo kwenye sheria nzuri. Waliomba cheti cha ndoa cha serikali. Wao walioana kwa mahari na wazee, kama sisi wote. Waliomba namba ya jeshi, na jina lililokuwa kwenye orodha lilikuwa na herufi tofauti. Alikwenda mara nne. Mara ya tano nauli ilikosekana. Ninajiuliza kama jina la baba mdogo bado linakula mshahara mahali.

Niseme na hili, kwa sababu vijana wanaliuliza sana. Askari wa kigeni waliokuja kulinda amani kwetu, Umoja wa Mataifa ulikuwa unazirudishia serikali zao dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, kuanzia 2018. Feza inakwenda kwa serikali, na kila serikali inamlipa askari wake inavyojua. Hata hivyo kijana akisikia 1,428 hasikii maelezo ya nyuma. Anasikia bei. Anaona kwamba kulinda kijiji chake kuna bei mbili, na ile ya chini ni ya mtu wa kijiji chenyewe. Simlaumu.

Sasa la kwangu, na wasomaji wa ofisini mnivumilie.

Mimi ni mfanyakazi wa motisha. Mkimbizi hapa haajiriwi, anapewa motisha, neno zuri kwa kitu kidogo. Sina ugomvi na neno leo. Kuna mwaka motisha ilichelewa miezi miwili. Wakati huohuo nilikuwa na semina ya vijana, na kila mshiriki alipata sabuni mbili na soda. Kwenye orodha kulikuwa na vijana wawili waliokuwa wameshaondoka kambini. Nilisaini kwa ajili yao. Nilibadilisha na mwandiko. Sabuni nne nilipeleka nyumbani, mama akafua, na hakuuliza, kama vile mama mdogo hakuuliza.

Nilipokuwa ninasaini nilikuwa na sentensi tayari kichwani: hawajanilipa. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kama ya yule kijana wa viatu vya plastiki. Na sabuni zile hazikuwa za ofisi iliyochelewesha motisha, zilikuwa za vijana, na zilizobaki zingekwenda kwa kikundi kilichofuata. Nilikwenda kwa mtu wa karibu asiye na silaha. Tofauti yangu na bariere ni kwamba mimi nilikuwa na kalamu tu.

Sijasema haya kwa mtu yeyote kabla ya leo. Msimamizi wangu atasoma hapa. Sawa.

Kijana nilimtafuta baada ya wiki tatu. Tulikaa nyuma ya uwanja. Sikumwambia usiende. Ana miaka 18, na mtu anayeishi kwa mgao, asiyeruhusiwa kutoka kambini bila kibali, siwezi kumwambia kwamba kutafuta mshahara ni dhambi. Nilimwambia habari ya mbuzi, ya maharage, na ya sabuni. Kwenye sabuni alinyanyua kichwa. Nikamuuliza: siku watakapokosa kukulipa, maana itafika siku hiyo hata wakiongeza mara mbili au mara kumi, utakwenda kudai kwa nani? Na kama jibu hulijui leo ukiwa umekaa hapa umeshiba uji, utalijua wapi, ukiwa na njaa na bunduki?

Akanyamaza. Halafu akasema: "Na kama banalipa muzuri kabisa, na benye bananipatia ni benye banakamata mbuzi za bantu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi wakati wote niliwaza askari asiyelipwa. Yeye aliwaza askari anayelipwa na mwizi. Feza ikifika kwa wakati, kwa benki, bila kata, bado inanunua kitu, na anayelipa anataka kitu hicho. Nilimwambia ukweli, kwamba sina jibu, na kwamba pengine yeye ameuliza swali zuri kuliko langu. Alitabasamu. Tukarudi, mvua ilikuwa inaanza.

Yuko bado. Wiki iliyopita aliomba simu yangu ampigie yule rafiki wa Fizi, kwa sababu yake haina salio. Nilimpa. Alizungumza muda mrefu, amesimama mbali chini ya mwembe, na dakika zangu zikaisha zote. Aliporudisha simu sikumuuliza walichoongea. Alichukua mfuko wa fulana, akaanza kuzihesabu mwenyewe. Zilikuwa kumi na nne. Zinapaswa kuwa kumi na tano.